Kiti na Jina la Fundi Wake

Katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, chini ya vitu vilivyochongwa katika nchi yetu, huwekwa kikaratasi chenye maneno machache. Kwanza hutajwa kabila, kisha nchi, kisha karne. Na mwisho, kama nafasi ipo, huandikwa kwamba mchongaji hajulikani. Watazamaji huyasoma maneno hayo wakapita, kwa kuwa hayana kishindo. Mimi nayaona kuwa ni hukumu. Hukumu hiyo ilitolewa bila ya shahidi kuitwa wala mhusika kuulizwa. Na jambo la aibu zaidi ni kwamba sisi, walimu na wanafunzi wa Kiswahili, ndio tunaoitia muhuri kila siku kwa kunyamaza kwetu.

Nimechagua kusema habari ya kiti, na namwomba msomaji asidhani kwamba nimetoka katika taaluma yangu nikaingia karakana ya watu. Kiti ni utungo. Kina mizani yake: miguu isipolingana huyumba, kama shairi liyumbavyo mishororo yake isipolingana. Kina wazo ndani yake, maana aliyekibuni alikiona katika fikira kabla ya kushika msumeno. Akakata, akatazama, akaona kosa, akarudia. Kama hayo si kutunga, basi sijui kutunga ni nini. Na kama ni kutunga, yuko mtunzi. Na mtunzi ana jina.

Tuanze mbali ili tupate kipimo. Mwaka 1949, katika maonyesho ya kila mwaka ya chama cha maseremala wa Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, kilionyeshwa kiti kimoja kikubwa cha mikono. Aliyekibuni ni Finn Juhl, msanifu majengo aliyezaliwa mwaka 1912 akafa mwaka 1989. Aliyekiunda ni Niels Vodder, seremala wa mji ule ule. Kiti hicho ni cha mti na ngozi. Egemeo lake limepanuka kama ngao. Mikono yake imelala kama tandiko la farasi. Na kikalio chake kimeinuliwa kidogo juu ya mti ulio chini yake, hata mtu akikitazama huona kama kimeelea. Juhl alipenda kukitenga kile kibebacho na kile kibebwacho, ili jicho lione mti ukifanya kazi. Umbo lake alilitafuta katika sanamu za zama zake, kama zile za Jean Arp, na katika silaha na zana za watu wa nchi za mbali, ambazo mkono wa mtumiaji umezifundisha umbo lao kwa miaka mingi.

Husimuliwa kwamba siku ya kufunguliwa maonyesho yale Mfalme Frederik wa Tisa aliketi juu ya kiti hicho. Mwandishi mmoja wa gazeti akatoa shauri kiitwe kiti cha mfalme. Juhl hakuridhika na jina hilo. Akaona afadhali kiitwe kwa jina la mkuu wa kabila. Tangu siku hiyo kinajulikana kwa jina ambalo sisi tungelitafsiri Kiti cha Jumbe. Wala asidhani mtu kwamba bwana huyu alizaliwa akishangiliwa. Mwaka 1940 alitoa kiti kingine, akakiita Mwari, nami nasema mwari wa ndege, si mwari wa unyago. Wahakiki wakakicheka, wakakifananisha na yule mnyama mnene wa bahari ya barafu mwenye pembe mbili, aliyechoka.

Sasa na tuhesabu mambo tuyajuayo juu ya kiti kimoja cha mti na ngozi. Twajua mwaka wake, mji wake na maonyesho yake. Twajua jina la aliyekibuni na jina la aliyekiunda. Twajua nani aliketi juu yake, na kiti kipi cha mtu huyo huyo kilichochekwa miaka tisa kabla yake. Nyumba aliyojijengea Juhl mwenyewe mwaka 1942, huko Ordrup kando ya Copenhagen, leo ni mahali pa kuzuru, na watu huingia kutazama jinsi alivyoviweka viti vyake karibu na dirisha. Tena Vodder alikuwa na desturi ya kutia chapa ya moto chini ya viti alivyoviunda, mahali ambapo mwenye kuketi hapaoni. Na katika chapa ile yamo majina mawili, la seremala na la mbunifu. Mfalme aliketi akaondoka. Majina ya mafundi yakabaki chini ya kikalio.

Hapa wako wasomi wenzangu watakaonikatiza kwa hasira. Watasema: "Huyu Juhl ametuibia. Amechukua enzi ya wakuu wetu akaiuza kwa matajiri." Nimeisikia hoja hii, nami naijua ladha yake, maana ni tamu mdomoni na haimtaki mtu afanye kazi yoyote. Lakini ni hoja dhaifu. Kiti cha Juhl hakifanani na kiti chochote cha mkuu wa nchi yetu. Viti vya heshima vya bara yetu vilichongwa katika gogo moja, vingi kwa miguu mitatu, na kikalio cha mviringo kilicho karibu na ardhi. Chake ni cha vipande vingi vilivyounganishwa. Hakuchukua umbo letu. Alichokichukua ni jina la heshima, na hata hilo alilichukua bila ya mtu ndani yake. Jumbe yupi? Wa wapi? Pazi wa Uzaramo alikuwa na kiti chake, mtemi wa Unyamwezi alikuwa na chake, na hawakuwa mtu mmoja. Waingereza ndio waliowatia wote katika neno moja la chifu, mpaka serikali yetu ilipoufuta uchifu kwa sheria mwaka 1963. Juhl naye aliwaza mkuu mmoja wa kubuni, asiye na kijiji wala ukoo, akampa kiti kizuri.

Hilo ni kosa, nami nalitaja. Lakini ni kosa dogo likilinganishwa na letu. Yeye alisahau jina la jumbe aliyemwaza. Sisi tumesahau majina ya mafundi tuliowaona kwa macho. Kumshutumu maiti aliyezikwa Denmark ni kazi rahisi, kwa kuwa hawezi kujibu. Kwenda mtaa wa pili kumwuliza fundi jina lake ndiyo kazi tunayoikimbia.

Tena Juhl si mgeni kwetu kama wengi wadhanivyo. Denmark ilipoamua kuupamba ukumbi mmoja katika makao makuu ya Umoja wa Mataifa mjini New York, kazi ya kuubuni alipewa yeye, na ukumbi huo ukakamilika mwaka 1952. Ni ukumbi wa Baraza la Udhamini, baraza lililosimamia nchi zilizowekwa chini ya ulezi, na Tanganyika ilikuwa mojawapo. Mwezi wa Machi mwaka 1955 Julius Nyerere, Rais wa TANU, alikwenda mbele ya Baraza hilo kueleza kwamba watu wa Tanganyika wanataka kujitawala wenyewe. Kwa hiyo sehemu moja ya safari yetu ya uhuru ilipita katika chumba kilichobuniwa na mtu yule yule aliyekibuni Kiti cha Jumbe. Chumba ambamo imesimama sanamu kubwa ya msaji, kazi ya mchongaji Henrik Starcke, ya mtu aliyeinua mikono na ndege akiruka juu yake.

Fikirini jambo hili, ndugu zangu. Katika chumba kile kila neno liliandikwa pamoja na jina la aliyelisema. Mbunifu wa ukumbi anatajwa, mchongaji wa sanamu anatajwa. Je, Baraza lingalipokea maombi yaliyoandikwa "Waafrika, Tanganyika, karne ya 20, msemaji hajulikani"? Lingaliyatupa, na lingekuwa na haki ya kuyatupa. Haki hudaiwa na mtu mwenye jina. Baraza lenyewe lilisimamisha kazi zake mwaka 1994, baada ya Palau, nchi ya mwisho iliyokuwa chini yake, kupata uhuru. Ukumbi ulipofunguliwa tena mwaka 2013 baada ya matengenezo, uliwekwa viti vipya vilivyobuniwa na Wadenmark wawili, Kasper Salto na Thomas Sigsgaard. Mnaona? Hata kiti kilichowekwa katika chumba cha baraza lisilo na kazi tena kina wenyewe.

Sasa turudi nyumbani. Uzaramo, nchi ya Kisarawe na Kibaha mpaka kando ya Dar es Salaam, ni nchi ya wachongaji. Iko sanamu ndogo iitwayo mwana hiti, apewayo mwali awapo ndani: kiwiliwili cha mviringo kisicho na mikono, na kichwa chenye shungi mbili zilizoachana kama vilima viwili. Umbo hilo hilo limepanda juu ya fimbo za wakuu, likasimama juu ya makaburi, likawa egemeo la viti vya heshima. Mtu aketiye juu ya kiti cha namna hiyo hujiegemeza kwa mtoto wa mti; mgongo wake hukutana na ukoo. Mwenye akili ya kukitazama ataona kwamba hapa pana wazo zito kuliko lile la Juhl. Juhl alikitenga kibebacho na kibebwacho. Mchongaji wa Uzaramo aliviunganisha: gogo moja ndilo miguu, ndilo kikalio, ndilo mtu aliyesimama nyuma ya mwenye kuketi. Nani aliyeliwaza jambo hilo kwa mara ya kwanza? Nani aliyelichonga vizuri kuliko wenzake? Hatujui. Mbaya zaidi, hatuulizi.

Tazameni na Unyamwezi. Katika makumbusho ya Berlin kimo kiti mashuhuri cha mkuu wa Buruku, kilichopelekwa huko wakati wa Wajerumani. Nchi ya aliyeketi imetajwa, aliyekichonga hakutajwa. Tazameni pwani. Kiti cha enzi cha Lamu, Pate na Unguja, kile kirefu cha mti mweusi kilichopambwa kwa vipande vya pembe na kufumwa kwa kamba, chenye kibao cha kuwekea miguu, kimechunguzwa na wataalamu. James de Vere Allen alikiandikia makala mwaka 1989. Lakini jina la kiti chenyewe lamtaja aketiye: enzi ni yake. Aliyetoboa, akapachika pembe na kusuka kamba, hana sehemu katika jina. Na mwaka 1994, ilipofanywa huko Ujerumani maonyesho makubwa ya sanamu za Tanzania, kitabu chake kilipewa na jina la Kiswahili, "Sanaa za Mabingwa wa Kiafrika". Neno lililochaguliwa ni zuri. Lakini bingwa ni mtu mmoja mmoja. Hakuna kabila lililo bingwa, kama hakuna kabila lililo malenga. Ukisema bingwa, umekwisha kujitia deni la jina.

Nazijua hoja za wale wanaotetea ukimya huu, nami nitazijibu moja moja.

Ya kwanza yasema kwamba sanaa ya Mwafrika ni mali ya jamii nzima. Fundi hafuati ila mtindo aliorithi, kwa hiyo kumtaja yeye ni kuiga ubinafsi wa Wazungu. Hoja hii hutolewa kwa sauti ya heshima, kana kwamba inatusifu. Kwa kweli inatunyang'anya. Bahari ya utenzi ni ya nani? Mizani minane na kina cha mwisho kiunganishacho beti ni urithi wa wote. Wala hakuna aliyesema kwamba utenzi wa Mwana Kupona, alioutungia binti yake mwaka 1858, ni "utenzi wa watu wa Pate, mtunzi hajulikani". Bahari ni ya wote, utungo ni wa mmoja. Watunzi wetu wa zamani waliijua tofauti hii kabla ya kufundishwa na mtu. Ndiyo maana wengi wao walifunga tenzi zao kwa kujitaja, pengine na baba zao, na pengine na mwaka walipomaliza. Kama ubinafsi ni kutaja jina, basi ubinafsi huo tulikuwa nao Pate na Lamu kabla ya Juhl kuzaliwa. Na Juhl naye hakuzaliwa na mtindo mfukoni. Alipokea kwa wachongaji, akapokea kwa zana za watu, akaungwa mkono na stadi ya Vodder. Kurithi hakumfuti mtu. Kila mtunzi ni mrithi.

Ya pili yasema kwamba fundi mwenyewe hakutaka kutajwa, kwa unyenyekevu. Mimi nauliza: ni nani aliyemwuliza? Unyenyekevu ni mwenye kuwa nao kuutamka. Watunzi wa tenzi walikuwa wanyenyekevu. Waliomba radhi kwa makosa yao, wakajiita dhaifu, kisha wakataja majina ili msomaji awaombee dua. Asiye na jina ataombewa kwa nani? Na pale ambapo fundi wa nchi yetu alipata nafasi ya kutajwa, tumeona matunda. Samaki Likankoa, Mmakonde, anatajwa kuwa ndiye aliyeanzisha uchongaji wa mashetani katika mpingo. Kwa kuwa ametajwa, twaweza kubishana juu yake, kumlinganisha na wenzake, na kueleza nini kilikuwapo kabla yake na nini kilikuja baadaye. Edward Saidi Tingatinga alikufa mwaka 1972 akiwa bado kijana, baada ya miaka michache tu ya kuchora. Jina lake likawa jina la mtindo, na mtindo ukalisha nyumba nyingi. Jina halikuiba kitu katika mfuko wa jamii. Liliujaza.

Ya tatu yasema kwamba wakati umepita. Waliochonga wamekufa, na waliowajua wamekufa. Hii ndiyo hoja ya mvivu, maana inageuza uzembe wa jana kuwa ruhusa ya leo. Muyaka bin Haji wa Mombasa alikufa yapata mwaka 1840, na mashairi yake yalikuwa katika vichwa vya watu tu. Miaka mingi baada ya kufa kwake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah akayakusanya kwa wale waliokuwa wakiyakumbuka, akisaidiana na William Taylor, na mwaka 1940 yakachapwa kitabu kwa kazi ya William Hichens. Ajabu ya lugha yetu ni kwamba mtu aitwaye Sikujua ndiye aliyetujulisha. Kama naye angalisema wakati umepita, leo tungalifundisha "mashairi ya Kimvita, mtunzi hajulikani", na wanafunzi wangaliandika hivyo katika mitihani na kupata alama.

Sasa yanipasa kuleta ushahidi ambao nisingependa kuuleta, kwa sababu mshtakiwa ni mimi.

Sofu ni kata katika Mji wa Kibaha. Kibaha ni mji unaoijua vizuri Ulaya ya kaskazini: mwaka 1963 nchi za huko, Denmark ikiwa mojawapo, zilianzisha pamoja na serikali yetu mradi wa elimu, afya na kilimo, ambao mwaka 1970 ulikabidhiwa kwetu na hata leo ni Shirika la Elimu Kibaha. Habari za mradi ule zimeandikwa, na nani alitoa nini kwajulikana. Nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ya udaktari nilipanga chumba Sofu, na mgongo ukaanza kuniuma kwa kukalia kiti cha plastiki. Jirani akanielekeza kwa fundi mmoja aliyefanya kazi chini ya mkorosho. Fundi yule hakuniuliza nataka kiti cha bei gani. Aliniambia niketi juu ya matofali, akapima kwa uzi kutoka goti langu hadi kisigino, akapima tena kutoka kiunoni hadi begani, akafunga fundo katika kila mahali. Nikamwambia anaweza kutumia misumari ili amalize upesi. Akacheka, akasema: "Mwalimu, msumari utakushika wewe. Ulimi utamshika na mjukuu wako." Akachonga ndimi na matundu kwa patasi, akaviunga pasipo msumari hata mmoja. Mikono ya kiti akaipinda kidogo kwa nje, akisema kwamba mtu anayeandika hukasirika mara nyingi, na akikasirika hutanua viwiko.

Juu ya kiti hicho niliandika tasnifu nzima. Katika kurasa za shukrani nilimtaja msimamizi wangu, wakutubi, wanafunzi wenzangu, na hata mwenye nyumba aliyenivumilia kwa kodi. Fundi sikumtaja. Na katika daftari langu la matumizi, ambalo ninalo hata leo, mstari wa siku ile wasema: "fundi, kiti", kisha fedha. Basi.

Mwaka jana nilirudi Sofu kwa ajili yake. Mkorosho haupo, pamejengwa ukuta. Niliuliza watu wa karibu. Wanamkumbuka. Wanakumbuka baiskeli yake, wanakumbuka kicheko chake, wanakumbuka kwamba alikataa misumari. Mzee mmoja alinionyesha kitanda chake kilichoundwa na mkono ule ule, akanigongea mguu wake ili nisikie jinsi ulivyo imara. Jina? "Yule fundi wa mkorosho." Mmoja akanipa jina moja, mwingine akanipa jingine, na wa tatu akasema yote mawili si yake. Alihama, au alikufa. Hata hilo halikuthibitika. Nilisimama pale nikatambua kwamba kile kikaratasi cha makumbusho ninachokilaani, nilikwisha kukiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Sofu, Tanzania, karne ya 21, fundi hajulikani. Hakuna Mjerumani aliyehusika, wala Mdenmark. Aliyehusika ni mtu mwenye shahada tatu, aliyejua kusoma na kuandika, aliyekuwa na kalamu mkononi, aliyeketi juu ya kazi ya mtu kila siku kwa miaka mitatu.

Kwa hiyo sisemi kama mtu msafi. Nasema kama mtu aliyekwisha kuona gharama. Nataka mambo matatu, nayo si makubwa.

La kwanza ni la idara zetu za Kiswahili. Tunawatuma wanafunzi kukusanya methali, vitendawili na nyimbo. Tuwatume na kwa mafundi. Kila mwanafunzi amtafute fundi mmoja, aandike jina lake kamili kwa idhini yake, mahali alipozaliwa, nani alimfundisha, ni kazi gani yake aipendayo na kwa nini. Kurasa tano zatosha. Idara yenye wanafunzi mia itakuwa na mafundi mia kwa mwaka mmoja. Na baada ya miaka kumi hakuna atakayethubutu kuandika kwamba fundi wa nchi hii hajulikani.

La pili ni la lugha yenyewe. Tezo, juba, patasi, randa, keekee, ulimi, tundu, egemeo: maneno haya yanaishi katika karakana, na kila fundi anayo mengine ambayo kamusi zetu hazikuyasikia. Twalalamika kwamba Kiswahili kina upungufu wa istilahi za usanifu, nasi tunakaa ofisini kuzibuni, huku wenye istilahi wako barabarani wakipuliza vumbi la mbao. Tumekipa neno kigoda cheo kikubwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanzisha mwaka 2008 kiti cha taaluma kwa heshima ya Mwalimu, kikaitwa Kigoda cha Mwalimu Nyerere, na ni jina zuri. Yafaa tumjue na achongaye kigoda cha mti.

La tatu ni la chapa. Vyuo, shule na ofisi zinaponunua samani kwa mafundi wa hapa, mkataba useme kwamba jina la fundi na mwaka vitiwe chini ya kikalio. Chuma cha chapa hakigharimu fedha nyingi. Wapo watakaosema kwamba mnunuzi hatapinda kutazama. Sawa, asipinde. Niels Vodder hakuitia chapa yake kwa ajili ya mwenye kuketi. Aliitia kwa ajili ya siku ambayo mtu atakipindua kiti na kuuliza.

Nami nimekipindua changu. Chini ya kikalio pana alama ya patasi mahali iliporuka kidogo, na alama ya penseli ya msalaba mdogo aliyoitia ili asikosee upande. Jina hakuna. Nilikuwa na kisu mkononi, nikataka kuandika moja ya majina niliyoambiwa, nikaogopa kumwongezea mtu yule kosa la pili kwa kumpa jina lisilo lake. Nimeacha mahali patupu, upana wa vidole vinne, nikapalainisha kwa msasa. Msomaji aliyepita Sofu miaka ile, akamwona fundi mwenye kicheko chini ya mkorosho, apimaye watu kwa uzi wenye mafundo, na anijulishe jina lake.